Kesi ya Ngozi Dhidi ya Kipande cha Mbao

Hoja za watetezi wa ngozi mmekwisha kuzisikia: kwenye karakana za Keko na Gikomba, kwenye madarasa ya useremala, na kutoka kwa kila fundi aliyewahi kutazama video ya Mzungu akipitisha patasi juu ya kipande cheusi cha ngozi. Wanadai hivi: ukishamaliza kunoa patasi au kisu cha randa kwenye kinoo, makali hayajakamilika mpaka yapite kwenye ngozi. Kitu kingine chochote, iwe ubao mtupu, MDF, jinzi au karatasi, ni ubahili wa fundi asiyeheshimu kazi yake. Nimewasikiliza kwa makini kuliko wanavyosikilizana wenyewe. Naomba msomaji akae kama hakimu, apime dai moja baada ya jingine, na asiuachie upande wowote, ukiwemo wangu, upite kwa kelele tu.

Kwanza tuelewane juu ya kinachobishaniwa. Unaponoa upande wa mteremko wa patasi, chuma cha ukingoni huwa chembamba mno hata kikashindwa kuhimili jiwe, kikajikunja kuelekea upande wa pili. Pitisha kidole taratibu kwenye upande bapa, ukielekea nje ya makali, utakisikia kikikwaruza. Nitakiita kikunjo. Hatua ya mwisho ya kunoa ina kazi mbili: kukiondoa kikunjo hicho pasipo kukikwanyua ovyo, na kufuta mikwaruzo iliyoachwa na jiwe. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi ni kama kazi hizo mbili haziwezi kufanyika bila ng'ombe kuhusishwa.

Dai la kwanza ndilo mama wa mengine yote: kwamba ngozi yenyewe ina nguvu ya kunoa. Mmoja atasema ina silika ndani yake, mwingine atataja mafuta ya asili, wa tatu atatikisa kichwa na kusema ngozi ni ngozi. Tulichukue kwa uzito. Kama ngozi inanoa, kwa nini kila anayeitetea huipaka dawa kabla ya kuitumia? Ile dawa ya kijani inayouzwa kama kipande cha sabuni ni oksaidi ya kromiamu, mara nyingi ikiwa imechanganywa na oksaidi ya alumini na kushikwa pamoja kwa nta au mafuta. Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kwa ugumu kuanzia 1 hadi 10, oksaidi ya kromiamu iko juu kidogo ya 8, oksaidi ya alumini ni 9, almasi ni 10. Chuma cha patasi iliyokazwa vizuri hakifiki 8. Ngozi, kwa upande wake, ni kolajeni, yaani protini, na hakuna kipimo ambacho kwacho protini itakwaruza chuma kilichokazwa. Wanaokwaruza ni wale wadogo wa kijani waliopakwa juu yake. Kuisifu ngozi kwa kazi hiyo ni kuisifu sahani kwa utamu wa pilau.

Upo ushahidi wa maabara. Mwaka 2004 John Verhoeven, profesa mstaafu wa Iowa State University nchini Marekani, alitoa matokeo ya majaribio yake ya kunoa, akiwa ametazama makali kwa hadubini ya elektroni. Ngozi tupu ilifanya kazi ndogo. Ngozi iliyopakwa oksaidi ya kromiamu ilipunguza kikunjo na kulainisha uso wa chuma kwa namna inayoonekana wazi pichani. Mtetezi wa ngozi ataruka hapo: lakini zote mbili zilikuwa ngozi! Kweli kabisa, na ndiyo sababu ushahidi huu unamuumiza yeye. Kilichobadilika kati ya hali ya kwanza na ya pili ni dawa peke yake. Majaribio hayo hayathibitishi kwamba mbao ni sawa na ngozi, wala sitajifanya yanathibitisha hivyo. Yanathibitisha kwamba ngozi siye mfanyakazi.

Dai hilihili lina toleo la kisasa, lenye harufu ya kemia. Ngozi nyingi za viatu, wanasema, hutengenezwa kwa kromiamu. Dawa ya kijani nayo ni kromiamu. Kwa hiyo ngozi inakuja na dawa yake ndani. Hoja inapendeza mpaka uiguse. Kiwanda cha ngozi hutumia chumvi za kromiamu, hasa salfeti, zinazoyeyuka katika maji, zikapenya ndani ya ngozi na kujifunga kwenye kolajeni ili isioze. Haziachi chembe ngumu za kusugua chuma. Kushiriki elementi moja hakuleti kazi moja: almasi ni kaboni, na masizi ya chungu ni kaboni, jaribu kunoa kwa hayo ya pili. Na la kuchekesha zaidi, walewale wanaotuletea hoja ya kromiamu ndio wanaotushauri tutafute ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, wakisema ndiyo bora kwa kazi hii. Ngozi ya magome haitengenezwi kwa kromiamu. Wachague: ama kromiamu ya ndani ndiyo siri, na ngozi ya magome ni takataka, ama ngozi ya magome ndiyo bora, na kromiamu ya ndani haina maana. Vyote viwili havikai chumba kimoja.

La kwanza likianguka, la pili hukimbilia kuziba pengo: basi ngozi hainoi, ila inanyoosha. Inakilaza kikunjo mahali pake bila kula chuma. Kwa kisu laini cha jikoni kuna chembe ya ukweli hapa. Lakini patasi nzuri hukazwa mpaka kati ya 58 na 62 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C, na kikunjo cha chuma kigumu namna hiyo, kikisharudishwa mahali pake, hakigeuki kuwa makali. Kinabaki chuma kilichochoka, kinachongoja fundo la kwanza la mbao kikatike na kuacha ukingo wenye mapengo. Halafu waulizeni hivi: mbona mnatuonyesha ngozi yenu iliyogeuka nyeusi, mkisema huo ndio ushahidi kwamba inafanya kazi? Weusi ule ni chuma kilichosagwa. Ngozi inayonyoosha tu haiwezi kuwa nyeusi. Ngozi iliyo nyeusi imekula chuma.

Dai la tatu nitakaa nalo, kwa sababu ndilo pekee lenye nyama. Linasema: ngozi ni laini, inabonyea kidogo, kwa hiyo inayafuata makali na kuyabembeleza mahali ambapo kitu kigumu kingeyaumiza. Wanasema kweli kwamba ngozi inabonyea. Tatizo ni kinachofuata. Patasi huvutwa kinyumenyume juu ya ngozi, makali yakiwa nyuma, maana ukiisukuma mbele itaichana. Uzito wa mkono unaididimiza ngozi chini ya mteremko. Makali yakishapita, ngozi iliyobonyea inainuka tena, na inapoinuka inausugua ukingo kwa pembe kubwa kuliko ile uliyoitengeneza kwenye jiwe. Tuseme ngozi ya milimita 3 imebonyea kwa sehemu moja tu ya kumi ya milimita. Hizo ni mikroni 100. Ukingo wa makali mazuri una upana usiofika mikroni 1. Unabembeleza kitu cha mikroni moja kwa mto unaopanda na kushuka mikroni mia, kisha unashangaa kwa nini patasi uliyoinoa kwa digrii 30 inakata kama yenye 40.

Kwenye upande bapa hasara ni mbaya zaidi, na hapa ndipo watetezi huwa kimya. Upande bapa wa patasi ndio rula yake. Unapoparura ulimi wa kiungo au kusafisha tundu, unaulaza upande huo juu ya mbao nao unakuongoza. Ukiusugua kila siku kwenye kitu kinachobonyea, ncha yake inapinda kwenda juu kwa kiasi ambacho jicho halioni. Kuanzia hapo ukiilaza patasi, makali hayagusi mbao. Unalazimika kuinua mpini ili yaanze kukata, na ukishainua mpini umepoteza rula. Fundi anailaumu patasi, analaumu mbao, analaumu chuma cha siku hizi. Ngozi imetundikwa ukutani, haiulizwi kitu.

Sasa tazama ushauri wao wenyewe. Kwanza wanasema ulaini ndio sifa. Kisha wanasema ngozi igundishwe kwenye ubao uliorandwa ukanyooka. Kisha wanasema itafutwe ngozi nyembamba na ngumu, isiwe ya mkoba. Kisha wanasema usikandamize, pitisha kwa uzito wa chombo peke yake. Kila moja ya hatua hizo ni juhudi ya kuupunguza ule ulaini waliotuuzia mwanzoni. Ukiendelea na ushauri huo kwa uaminifu, ukaipunguza ngozi unene mpaka iishe, utabaki na ubao ulionyooka uliopakwa dawa. Hapo ndipo mimi nilipoanzia.

Wapo wanaojitetea kwamba ukingo wa mviringo kidogo ni imara zaidi. Wanamtaja Paul Sellers, mwalimu maarufu wa useremala wa zana za mkono kutoka Uingereza, ambaye huunoa mteremko ukawa na tumbo kidogo, kisha hupitisha patasi kwenye ngozi yenye dawa ya kijani, na kazi zake ni za kupigiwa mfano. Sina ubishi na kazi zake. Lakini tumbo lile analitengeneza kwa makusudi, kwa mwendo wa mkono juu ya kinoo, na analitengeneza kwenye mteremko. Kilichofanywa kwa makusudi upande mmoja hakihalalishi kilichotokea kwa bahati mbaya upande wa pili. Na ngozi yake, mkumbuke, imegundishwa juu ya ubao na imepakwa dawa.

Dai la nne: mbao ni ngumu mno, itayaua makali. Dai hili nalipitia upesi, kwa kuwa linajiangusha lenyewe. Patasi imetoka kwenye kinoo, ambacho ni kigumu kuliko mbao yoyote. Dakika mbili zijazo inakwenda kupigwa nyundo ndani ya mninga. Katikati ya jiwe na mninga, ndipo iogope kuguswa na saipresi? Chombo ambacho kimetengenezwa kukata mbao hakiharibiwi kwa kuvutwa kinyumenyume juu ya mbao.

Lililo la maana zaidi, na ambalo hawalitaji, ni kwamba mbao hazilingani. Mvule hutengeneza ndani yake vijiwe vya kalisiamu kaboneti, na kila aliyewahi kuupasua anajua vinavyofanya kwenye meno ya msumeno. Mtiki una silika, ndiyo maana unamaliza makali ya randa haraka. Paini, ile inayojaza malori kutoka Sao Hill, ina mistari migumu na mistari laini inayofuatana, kwa hiyo dawa inashika hapa na kuteleza pale. Hizo ni hoja halali dhidi ya mvule, mtiki na paini, na ningefurahi mtetezi wa ngozi angezitoa. Hazigusi saipresi, ambayo nyuzi zake ni laini na zinalingana, wala MDF, ambayo haina mistari kabisa kwa kuwa ni nyuzi za mbao zilizosagwa, zikachanganywa na gundi na kukandamizwa. Kipande cha MDF cha urefu wa futi moja hupatikana bure sakafuni mwa karakana yoyote inayotengeneza makabati ya jikoni.

Hapo hujibu kwamba ubao haushiki dawa. Ngozi ina vinyweleo vinavyoikamata. Ubao unaiacha iteleze. Aliyejaribu kuipaka dawa kavu kwenye ubao uliosuguliwa kwa msasa laini mpaka ukang'aa atakubaliana nao, kwa sababu ameutayarisha vibaya. Uache ubao kama ulivyotoka kwenye randa, au ukwaruze MDF kidogo kwa msasa wa namba 120, tia tone moja la mafuta ya cherehani, ndipo usugue dawa. Chembe hujikita katikati ya nyuzi na kubaki hapo. Na kujikita huko ni faida: chembe iliyoshikwa imara inakata, iliyolala kwenye kitu laini inazama chini kila inapokandamizwa. Tena ubao ukichakaa au ukichimbwa kwa kona ya patasi, unapitisha randa mara mbili na una uso mpya. Ngozi iliyochanwa inabaki na kovu, na kila mpito unaligonga.

Sasa tufike kwenye dai wanalolipenda kuliko yote, la wahenga. Ngozi imetumika tangu zamani, ya kale dhahabu, sisi ni nani tuibadilishe. Tuulize: zamani ya nani, na kwa kazi gani? Zamani hiyo kwa sehemu kubwa ni ya kinyozi na wembe wake wa kukunja. Wembe una pembe ya digrii 15 hadi 18 hivi, unakata nywele zilizolainishwa kwa maji moto na sabuni, na una mgongo mnene. Kinyozi anaulaza wembe ukigusa ngozi kwa mgongo na makali kwa pamoja, na ule mgongo ndio unaomshikia pembe asikosee. Patasi haina mgongo wa namna hiyo. Pembe yake ni digrii 25 hadi 30, inakata mti, na inayoshikilia pembe ni mikono ya fundi. Kuchukua desturi ya kinyozi ukamvisha seremala bila kuangalia tofauti hizo ni kukopa kanzu ya mtu mwenye kimo kingine na kudai mshonaji hakukosea.

Na hata kwa kinyozi mambo hayakuwa wanavyosimulia. Mkanda wake wa jadi mara nyingi ulikuwa na pande mbili, upande mmoja ngozi na wa pili kitambaa cha kitani au turubai. Wembe ulianzia kwenye kitambaa. Kwa hiyo nyumbani kwenyewe kwa ngozi, mbadala wa ngozi ulining'inia kwenye ndoano ileile, na hakuna aliyeuita ubahili.

Kisha twende Japani, kwa mafundi ambao hakuna anayeweza kuwaita wavivu wa kunoa. Seremala wa Kijapani kwa desturi hamalizii kwenye ngozi. Anamalizia kwenye jiwe laini la maji, la asili au la kiwandani, na anaishia hapo. Kwenye mikutano ya Kezuroukai, wanaposhindana kutoa maranda membamba kwa randa za mkono, hupimwa maranda yenye unene usiofika mikroni 10, wakati unywele wa binadamu ni mara nyingi zaidi ya hapo. Kama makali hayakamiliki bila ngozi, maranda yale yanatoka wapi? Mtetezi anaweza kujibu kwamba mawe yao ni ghali na chuma chao ni tofauti. Sawa, ila jibu hilo limekwisha kuliua dai la awali. Walisema hakuna mbadala. Sasa wanasema mbadala upo, ila ni ghali. Hiyo ni kesi nyingine.

Kuhusu patasi za mviringo za wachongaji wanasema ngozi haina mpinzani, kwa kuwa inakunjika na kuingia kwenye kila pindo. Hapa nilitegemea hoja nzito, maana wachongaji wa milango ya Zanzibar na wa vinyago vya mpingo wana zana za mapindo ya kila aina. Lakini dawa ya tatizo hili iko ndani ya zana yenyewe. Chukua kipande cha mbao laini, chonga mfereji kwa patasi hiyohiyo, paka dawa ndani ya mfereji, kisha uivute patasi kinyumenyume humo humo. Mfereji una umbo la nje ya patasi kwa sababu umechongwa nayo. Hakuna ngozi iliyokunjwa kwa mkono itakayolingana hivyo. Kwa upande wa ndani, chonga kijiti chenye duara linalokaa humo, kipake dawa, kimekwisha. Ngozi iliyokunjwa inabonyea mahali pasipotakiwa na kuzila kona za patasi kwanza, na mchongaji wa mpingo, mti wenye uzito wa kuzama majini, hawezi kumudu kona butu.

Umebaki ushahidi wao wa macho: nywele za mkono. Patasi ikitoka kwenye ngozi inanyoa, basi ngozi imeshinda. Jaribio hili linashindwa kwa sababu mbili. Ya kwanza, patasi iliyotoka kwenye ubao wenye dawa inanyoa vilevile, kwa hiyo halitenganishi pande mbili za kesi. Ya pili ni nzito zaidi: hata kikunjo chenyewe kinanyoa. Ule ukingo uliosimama, mwembamba na dhaifu, unakata nywele vizuri sana na kukatika kwenye mbao mara moja. Fundi anayepima makali kwa mkono wake mwishowe ana mkono mweupe na hana habari. Atakaye kipimo cha haki achukue mbao laini, aparure sehemu iliyokatwa kwa msumeno, ile inayoonyesha nyuzi zikiwa zimesimama. Makali mabaya huzisagasaga na kuzing'oa, yakaacha uso uliopauka wenye vishimo. Makali mazuri huacha uso uliokolea rangi, unaong'aa kidogo. Mbao haina upendeleo kwa ngozi wala kwa MDF.

Wanasema pia ngozi hudumu maisha. Labda Nairobi. Pwani, kwa unyevu wa masika, ngozi yenye mafuta iliyotundikwa karakanani huota ukungu, na panya huiona ni chakula. MDF nayo hufura ikilowa, nakubali bila kusukumwa. Ila MDF iliyofura hutupwa, ukaokota nyingine. Na hiyo ngozi wanayotuagiza tuinunue, wengi huishia kuikata kutoka mkanda wa mtumba, na mikanda mingi ya mtumba ni plastiki iliyopigwa chapa ya ngozi. Nimeona mtu akiusifu mkanda kama huo kwa nusu saa.

Haki inanitaka nigeukie upande wangu pia, maana kuna wanaokimbia ngozi na kuangukia penye matope zaidi. Gazeti lililokunjwa juu ya kinoo huondoa mabaki ya kikunjo, basi. Vijazio vya karatasi ni laini kuliko chuma, na wino wake mweusi ni masizi yaleyale tuliyokwisha kuyaweka kando. Dawa ya meno yenye chokaa haigusi chuma kilichokazwa, kwa kuwa chokaa katika kipimo cha Mohs ni 3. Pesti ya gereji ya kusagia valvu inafanya kinyume: ni ngumu kupita kiasi na chembe zake ni kubwa, itarudisha mikwaruzo uliyoifuta kwa nusu saa. Jinzi iliyokazwa juu ya ubao inashika dawa vizuri na inafaa kisu cha kuchongea, lakini kwa patasi bapa ina kasoro ileile ya ngozi, inabonyea. Na wale wazee wanaomalizia kwenye kiganja cha mkono wajue kwamba hata hiyo ni ngozi, ni laini kuliko zote, haina dawa, na ikichanwa hairandwi.

Ngome yao ya mwisho ni ndogo na wanaitetea kwa upole: haya, ngozi huenda si ya lazima, lakini haina madhara, mwacheni kila fundi atumie anachopenda. Atumie. Ila kabla hakimu hajakubali kwamba haina madhara, achukue patasi iliyopitishwa kwenye ngozi laini kwa mwaka mzima, pande zote mbili. Aifute vumbi. Asimamishe rula ya chuma juu ya upande bapa, ikifuata urefu wa patasi mpaka kwenye makali, ainue vyote kuelekea dirishani na atazame ile milimita ya mwisho. Kisha afanye hivyohivyo kwa patasi iliyopitishwa kwenye MDF. Ile ambayo mwanga unapenya chini ya rula ndiyo imepinda.